Makumbusho ya sanaa Mwanza: ufunguo akae nao nani?

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilimsindikiza shangazi yangu kwenda kutazama vitu vya kale katika nyumba moja ya kumbukumbu huku kwetu Kanda ya Ziwa. Ana miaka 74. Alikuwa amesikia kwamba mle ndani kuna kikapu cha nyasi cha aina aliyofundishwa na mama yake, kile kinachosukwa kwa kubana mpaka ukimimina pombe haitoki hata tone. Tulipanda daladala mbili, tukamalizia na bodaboda. Tulipofika, mlango ulikuwa na kufuli. Kijana aliyekuwa akifagia uwanja akamsalimia, "Shikamoo mayu," kisha akatupa habari: mwenye ufunguo ameenda msibani, atarudi kesho kutwa.

Shangazi hakukasirika. Alisogea dirishani, akaziba mwanga kwa viganja viwili, akabandika uso kwenye kioo. Akakiona. Na pale pale, bila kugeuka, akaanza kunisomea kile kikapu. Kitako kilianzwa kwa haraka, ndiyo maana kimelalia upande. Aliyekisuka alikuwa bado anajifunza, lakini alipofika katikati mkono ulishakaa sawa, tazama ile mistari myeusi ilivyonyooka. Nyasi zilikatwa zikiwa zimekomaa, hazikuharakishwa. Alisema mengi, nami nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Chini ya kikapu kulikuwa na kibandiko cha karatasi chenye neno moja: KIKAPU.

Dirisha lile halijanitoka akilini. Mjuzi alikuwa nje, kitu kilikuwa ndani, na kati yao kulikuwa na kufuli.

Mazungumzo ya kuwa na makumbusho ya sanaa Mwanza hurudi mara kwa mara, kwenye semina, kwenye vijiwe vya wachoraji, hata kwenye meza za chai. Na kila yanaporudi huishia kwenye jengo: kiwanja kipatikane Capri Point au Ilemela, mfadhili awe nani, ramani achore nani. Mimi naona tunaanzia mwisho. Swali la kwanza ni la ufunguo. Nani anaamua kitu gani kiingie na kitoke lini? Mlango unafunguliwa saa ngapi, na akifiwa mwenye ufunguo anashika nani? Kile kibandiko anakiandika nani? Hayo hayamo kwenye ramani ya mjenzi. Hayo ni kazi ya baraza, na mkoa wetu hauna baraza la sanaa la kwake.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kabla baraza halijawa chombo chenye mwenyekiti, katibu na mhuri, ni ile sehemu ya mbele ya nyumba, chini ya paa, wanapokaa watu kuzungumza, na mpita njia akikaribishwa naye anasogezewa mahali pa kukaa. Nikisema baraza la sanaa la mkoa namaanisha maana zote mbili kwa pamoja.

Kitaifa tunalo Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 kwa kuunganisha mabaraza mawili, la muziki na la sanaa, yaliyokuwa yametungiwa sheria mwaka 1974. Makao yake yako Dar es Salaam. Huku mikoani na wilayani kazi zake hupitia kwa maofisa utamaduni. Wengi wao ni wachapakazi na wanaipenda kazi. Lakini muulize mcheza ngoma wa Kwimba au mchoraji wa Mabatini ni wapi yeye na serikali wanakutana, atakutajia usajili, kibali na ada. Kusajili ni kujua nani yupo. Kulea ni kazi nyingine kabisa, na huwezi kumtwisha ofisa mwenye meza moja katika mkoa ambao Sensa ya 2022 iliukuta na watu 3,699,872, wa pili nchini kwa wingi wa watu baada ya Dar es Salaam.

Upande wa makumbusho hali ni hiyo hiyo. Makumbusho ya Taifa yalifungua milango Dar es Salaam mwaka 1940, enzi za Mwingereza. Baadaye kikaja Kijiji cha Makumbusho, matawi ya Arusha, Songea, na Butiama mwaka 1999. Kwa mtoto wa Nyamagana, Butiama ndiyo jirani, na pale anasimuliwa maisha ya Mwalimu Nyerere, jambo linalostahili kabisa. Ila sanaa ya watu wa ziwa, kazi ya mikono yao na miguu yao, haina nyumba ya umma.

Ina nyumba ya kanisa. Kutoka Mwanza mjini shika barabara ya Musoma, kama kilomita 20, uteremke Kisesa wilayani Magu, upande Bujora. Sitachoka kuizungumzia Bujora, kwa sababu jibu la swali letu limekaa pale miaka yote hii na tunalipita kwenye basi.

Historia yake husimuliwa kwa mkato: padri mmoja Mkanada kutoka Quebec, David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alijenga makumbusho. Ni kweli kwamba aliyasimamia, na Makumbusho ya Wasukuma yalifunguliwa mwaka 1968. Lakini mkato huo unaruka jambo kubwa. Kabla ya majengo kulikuwa na kamati. Wasukuma wenyewe, wazee na wajuzi, walikaa na padri huyo wakikusanya nyimbo, methali, hadithi, majina ya vitu na vitu vyenyewe. Walibishana nini ni nini. Majengo yalikuja kuhifadhi kile ambacho watu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba ni chao.

Tazama na wakati wenyewe. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Kwa sheria hiyo ngoma za watemi, viti vyao, ngozi na mikuki yao vilipoteza kazi. Ngoma ya kitemi iliyokuwa ikiita watu wa nchi nzima ya mtemi ikawa mzigo mkubwa ndani ya nyumba ya mjukuu, inayokaliwa na kuku na kuliwa na mchwa. Kama pasingekuwa na watu waliokwisha kujipanga kupokea, nyingi zingeishia jikoni. Miaka mitano baadaye Bujora ilikuwa na mahali pa kuzilaza, na jengo la watemi likajengwa kwa umbo la kiti cha enzi, ili hata ukiwa nje ujue unaingia kwa nani.

Mara ya mwisho nilipoingia kwenye nyumba ya ngoma niliinama kuitazama moja kwa karibu. Ngozi ya ng'ombe imevutwa na kupigiliwa vigingi vya mti kuizunguka, na manyoya yamebaki pembezoni tu. Katikati, kidogo upande wa kulia, pana duara lisilotimia kiganja ambapo ngozi imelainika na kung'aa. Hapo ndipo fimbo ilikuwa ikitua. Ukitazama duara lile unajua kwamba mpigaji alisimama upande gani, na kwamba hakuwa akibahatisha.

Lakini kitu ninachotaka msomaji akishike kuhusu Bujora hakimo ndani ya majengo. Kiko uwanjani mwezi wa sita, wakati wa Bulabo, sherehe inayofuatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, zinapokuja mbina, yaani ngoma za kuchezwa, kutoka Usukuma wote. Hapo utawaona Wagika na Wagalu. Kwa wasio wa huku: hivi ni vyama viwili vikubwa vya ngoma, vyenye asili ya karne ya 19, na kwa vizazi vingi Msukuma mcheza ngoma alikuwa wa upande mmoja au wa pili. Baada ya mavuno manju wawili, yaani watunzi na viongozi wa ngoma, hupambana, kila mmoja na kundi lake, kwa siku hiyo hiyo na uwanja huo huo. Mshindi hatangazwi na jopo lililokaa kivulini. Mshindi ni yule aliyevuta watu. Umati unahama kwa miguu yake kutoka huku kwenda kule, na manju anayeona mgongo wa watu anajua ameshindwa. Ndiyo maana wakaingia na mbinu za kila namna: sanamu za mbao zinazochezeshwa, wanyama, majembe yanayorushwa na kudakwa kwa mapigo ya bugobogobo, ile ngoma ya majembe, nyimbo za kumkejeli mpinzani, na chatu kwa wale wa ngoma za nyoka.

Sasa fikiri vyama hivyo vilikuwa vikifanya nini siku za kawaida. Vilikuwa na viongozi, na miiko. Viliingiza wanachama kwa utaratibu na kuwafundisha vijana. Manju alitunga, na wimbo mzuri ulibebwa mpaka vijiji ambavyo mtunzi hajawahi kukanyaga. Vilikuwa na ushindani wenye ratiba inayofuata kilimo, ili ngoma isile muda wa palizi. Mimi sioni jina jingine la kuviita ila mabaraza ya sanaa. Kwa hiyo mtu akiniambia baraza la sanaa la mkoa ni wazo la kuiga kwa wageni, namwelekeza kwa Wagika na Wagalu. Hatuanzi kitu kipya. Tunakirudisha, na kukipa daftari la fedha na akaunti ya benki.

Hata Uingereza, ambako watu hupenda kuchukulia mifano, mambo hayakushuka kutoka juu. Baraza la Sanaa la nchi nzima lilianzishwa mwaka 1946. Katikati ya miaka ya 1950 likafunga ofisi zake za mikoani, nguvu zikabaki London. Watu wa kusini magharibi hawakusubiri. Mwaka 1956 waliunda chama chao cha sanaa cha eneo, na maeneo mengine yakafuata mmoja baada ya mwingine. Mabaraza ya mikoa kule yalizaliwa na manung'uniko dhidi ya mji mkuu. Manung'uniko tunayo sisi pia, ya kutosha.

Kwa nini basi nisiseme tu kwamba Bujora ipanuliwe na yaishe? Kwa sababu Bujora ni ya Wasukuma, iko chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Mwanza, na imefanya kazi yake kwa uaminifu katika mipaka hiyo. Sanaa ya mkoa huu leo imetoka nje ya mipaka hiyo. Ukerewe na Ukara zina mikono yao. Sengerema ina Wazinza. Wako Wajita, Wahaya, Waluo na Wakurya waliozaliwa Kirumba na hawajui kijiji kingine. Wako Watanzania wenye asili ya India ambao mababu zao walijenga maduka ya katikati ya mji na nakshi zake. Na iko sanaa ambayo haina kabila hata moja, iliyozaliwa na mji wenyewe na ziwa lenyewe.

Nilikaa siku moja ufukweni Igombe nikimtazama fundi akiandika jina la mtumbwi. Hakutumia rula. Alichukua uzi, akaupaka chaki, akamshikisha kijana upande mmoja, akauvuta na kuuachia: pa! Mstari mweupe ukabaki kwenye ubao, umenyooka kuliko wa mashine. Halafu akashusha brashi. Herufi ya kwanza aliianza kwenye pua ya mtumbwi, ambapo mbao zimejipinda, na nikaona akiinyoosha shingo yake ile herufi, akiirefusha upande mmoja, ili mtu aliye mbali majini aione imesimama wima. Hilo hakuna chuo kilichomfundisha. Nilimuuliza kazi zake za zamani ziko wapi, akanionesha ziwa kwa brashi. Mtumbwi huoza, mbao zikachomwa kuni za kukaushia samaki, na jina likaenda nazo. Ameandika mitumbwi kwa zaidi ya miaka 20 na hana hata picha moja ya kazi yake.

Huyo ndiye ninayemfikiria ninaposikia maneno makumbusho ya sanaa ya jamii. Ubao mmoja wa pua ya mtumbwi, ukiokolewa kabla haujaenda jikoni, ukiandikwa jina la aliyeuandika na mwaka na mwalo, una haki ya kutundikwa ukutani sawa na mchoro wowote wa fremu. Na vibao vya vinyozi vya Igoma, na michoro ya pembeni mwa daladala. Tusikosee tena kama tulivyokosea kwa Tingatinga: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za kawaida za dukani mwishoni mwa miaka ya 1960 Dar es Salaam, akafa mwaka 1972, na picha zake nyingi zikaondoka nchini mikononi mwa wageni kabla sisi hatujajua kwamba ni hazina.

Ufunguo, basi. Jamii ikishika ufunguo inafanya nini nao?

Kuna mfano wa Marekani ninaoupenda kwa sababu hauna makuu. Mwaka 1967, tarehe 15 Septemba, taasisi ya Smithsonian ilifungua makumbusho madogo katika mtaa wa Anacostia, Washington, mtaa wa watu weusi wengi wao wa kipato cha chini. Jengo lilikuwa ukumbi wa zamani wa sinema, hawakujenga jipya. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Kinard, hakuwa mtaalamu wa makumbusho. Alikuwa mchungaji na mtu wa kazi za jamii mjini hapo hapo. Watoto wa mtaa walikuwa wakilalamika kuhusu panya majumbani mwao. Mwaka 1969 makumbusho yakafanya onesho la panya: wanaishije, wanaleta magonjwa gani, kwa nini wamejaa mtaa huu, na panya hai wakiwa ndani. Wataalamu wa sanaa walishangaa. Wenyeji walielewa mara moja, kwa sababu swali lilikuwa lao.

Panya wetu ni kichocho. Kando ya ziwa hakuna mtoto asiyekijua, na Mwanza ina watafiti waliokichunguza kwa miongo mingi. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, vikatoka, vikapenya ngozi ya mtu anayeoga, anayechota maji au anayevuta kokoro. Sasa mpe habari hiyo mchonga sanamu wa Magu amchonge yule konokono ukubwa wa meza. Mpe manju atunge. Mpe fundi wetu wa mitumbwi ukuta mzima achore safari ya kile kijidudu kutoka majini hadi mwilini na kurudi, kwa mkono ule ule usiohitaji rula. Waite wanafunzi wa Igombe na Kayenze, na baba zao. Makumbusho ya namna hiyo hayana haja ya kutafuta watazamaji, na hakuna atakayeuliza sanaa inasaidia nini.

Mfano wa pili uko ziwani humu humu, upande wa Kenya, kisiwani Mfangano. Kuna michoro ya kale ya miamba kule, duara ndani ya duara na mizunguko kwa rangi nyekundu na nyeupe, kwenye maeneo ya Kwitone na Mawanga ambayo wazee wa Abasuba waliyalinda kama mahali patakatifu na kuyahusisha na mvua. Mwaka 2000 wenyeji walianzisha makumbusho yao ya jamii ya amani, yakahifadhi lugha, vifaa na michoro ile pamoja. Jambo la kujifunza ni kwamba ulinzi wa miamba haukuhamishwa kutoka kwa wazee kupelekwa kwa mtumishi mgeni. Kisiwa kidogo kimeweza, kikiwa na boti za mbao na watu wachache kuliko kata moja ya mjini kwetu.

Fedha ndipo wengi wanapokwama, nami sitajifanya ni jambo jepesi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unatoa mikopo kwa wasanii. Yote ni mema kwa msusi anayetaka kununua ukili na rangi, au kikundi kinachotaka spika. Lakini makumbusho hayarudishi mkopo. Kikapu kilichohifadhiwa hakizai riba. Kinachohitajika ni fungu dogo lisilokatika, mwaka hadi mwaka, na mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Kila moja ikiweka mstari mmoja kwenye bajeti yake, na kila moja ikawa na mjumbe barazani, hakuna itakayosema makumbusho ni ya mjini. Wajumbe waliobaki wachaguliwe na wenye kazi: wasusi, wachoraji, mamanju, wafinyanzi, mafundi wa mitumbwi. Idadi ya hao ipite ile ya wajumbe wa halmashauri. Na mali isiwe ya ofisi yoyote inayoweza kuvunjwa kwa waraka. Iwe chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kama misikiti, makanisa na vyama vingi vinavyofanya kulinda viwanja vyao.

Mengine hayahitaji fedha, yanahitaji watu wanaojuana. Nitatoa moja. Adui wa vikapu na nguo za zamani ni fukusi na wadudu wadogo wanaojificha ndani ya msuko. Makumbusho makubwa duniani hawatumii sumu kwanza. Hufunga kikapu ndani ya mfuko wa plastiki, wakatoa hewa kadiri inavyowezekana, wakakilaza kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Wadudu na mayai yao hufa. Mji gani Tanzania una majokofu mengi ya baridi hiyo kuliko Mwanza ya minofu ya sangara? Kona moja ya chumba cha baridi cha kiwanda, kwa wiki mbili kila mwaka, ingeokoa vikapu vyote vya mkoa. Baraza lenye mjumbe anayemfahamu meneja wa kiwanda litalipata hilo kwa simu moja. Jengo lisilo na baraza litaandika andiko la mradi.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito: mkiwaachia wenyeji, kila kabila litavuta upande wake, na vitu vitaibwa. Kuhusu kuvutana, Wagika na Wagalu wamevutana zaidi ya karne na kilichotoka humo ni ngoma bora. Ushindani wenye kanuni ni afya. Kuhusu wizi, kitu huibwa kwa urahisi pale ambapo hakuna anayekijua kwa sura. Kikapu kilichoandikwa KIKAPU kikipotea, polisi watatafuta nini? Kikapu ambacho wanawake kumi wa Kisesa wanajua nani alikisuka, kitako chake kimelalia upande gani, na mstari wa ngapi ndio ulionyooka, hakiuziki kirahisi sokoni wala uwanja wa ndege.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya baraza hilo isiwe kutafuta kiwanja. Iwe kuzunguka na daftari. Miezi 12, wilaya kwa wilaya, kuorodhesha nani ana nini, nani anajua kutengeneza nini, nani anamfundisha nani. Kisanduku cha bibi Ukara. Seti ya majembe ya bugobogobo Misungwi. Kibao cha duka cha mwaka 1961 kilichogeuzwa mlango wa banda. Vitu vibaki kwa wenyewe. Kwenye daftari iingie picha, jina na maelezo kwa maneno ya mwenye kitu, kwa lugha aliyoitumia. Maonesho ya mwanzo yafanyike kwenye kumbi za shule wakati wa likizo na kwenye gati za vivuko, ambako watu wanasubiri saa nzima bila cha kutazama. Daftari likijaa, tutajua tunahitaji vyumba vingapi.

Wiki iliyopita nilimpitia shangazi nyumbani kwake Bujora, nikamweleza yote haya huku akiwa amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, ameshaanza kitako kipya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia hana neno, jina lake liandikwe daftarini, na kikapu hiki kikikamilika wanaweza kukichukua. Kisha akaweka nyasi chini.

"Ila mwanangu, mjukuu wangu akiolewa nikakitaka kwa siku moja, watanipa?"

Nilimwahidi kwamba hilo ndilo swali la kwanza nitakalolipeleka.